Warumi wa Bi Mahbuba

Siku aliyoangushwa na Warumi, Bi Mahbuba alirudi kwake Ghubra, mtaa wa Maskati, akaingia moja kwa moja jikoni, akakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na friji, buibui mwilini na mkoba mapajani. Hakuvua, hakuomba maji. Conjesta, dada wa Kihaya anayekaa naye na kumsaidia kazi za nyumba, alikuwa anamenya vitunguu vya pilau. Alimtazama mara moja, akaweka kisu chini.

"Mama, kuna msiba?"

"Hapana msiba. Warumi wameniangusha."

"Warumi gani tena? Wamehamia huku Ghubra?"

Siku nyengine Bi Mahbuba angelicheka mpaka akashika mbavu. Siku ile alifungua mkoba akatoa kalamu, akatoa miwani, akatoa kikopo cha tambi alichowapelekea wenziwe darasani, akavipanga juu ya meza kimoja kimoja kama mtu anayehakikisha kuwa angalau hivyo havijapotea.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Bi Mahbuba alizaliwa Unguja, akasoma skuli ya msingi na chuo cha Kurani, kisha dunia ya kwao ikapinduka na masomo yakaishia hapo. Alipokuja Maskati alikuwa mwari. Aliolewa, akazaa, akalea, akamzika mumewe, na eda ilipokwisha, badala ya kukaa akangoja wajukuu wamletee juisi, akenda kituo cha kusomesha watu wazima, kule nyuma ya msikiti wa mtaani, akajiandikisha. Watu walidhani mchezo. Alianza darasa za chini na wanawake wenziwe, akapanda ngazi moja baada ya moja, hisabu akaivuka kwa machozi, Kiingereza akakivuka kwa bahati, na sasa amefika mahala ambapo cheti kizima kinaonekana kwa mbali.

Mwaka huu kwenye somo la tarikhi kulikuwa na kitu kipya. Kila mwanafunzi alipewa khabari moja asimame mbele ya wenziwe, aieleze kwa maneno yake mwenyewe. Asiyepita hapo, hapandi darasa. Na khabari aliyopangiwa Bi Mahbuba ilikuwa kuanguka kwa dola ya Warumi.

Alijitayarisha, tena kwa namna anayoijua yeye. Aliketi kitako juu ya mkeka, akakishika kitabu, akaanza kuyumba mbele na nyuma, akazihifadhi sababu za kuanguka kwa Roma kwa mahadhi yale yale aliyohifadhia masomo yake chuoni alipokuwa mdogo. Kodi zilizidi, majeshi yakakodiwa nje, majemadari wakagombana, maradhi yakaingia, dola ikakatwa mapande mawili. Alizijua kwa mbele, alizijua kwa nyuma. Ungemwamsha usingizini angelikusomea.

Basi akasimama darasani, akafumba macho, akaanza kuyumba. Hajafika kwenye maradhi, mwalimu akamkatiza. Mwalimu wao alikuwa Ustadha Fajr, mwanamke kijana, mpole wa sauti lakini macho yake hayapitwi na kitu.

"Khala Mahbuba," alisema kwa Kiarabu, kwa heshima ya kumwita mama mdogo, "hayo ni maneno ya kitabu. Nnataka yako."

Yake! Chuoni, mtoto akitia neno lake alichapwa. Bi Mahbuba akafumbua macho, akatafuta neno lake, hakuliona.

"Haya, nikusaidie," Ustadha Fajr akasema. "Alipoondolewa yule mfalme wao wa mwisho, Warumi wakawa wapi?"

Hapo ndipo Bi Mahbuba alipochomoka na kitu alichokuwa nacho moyoni tangu utotoni, alichofunzwa na Maalim wake akakiamini.

"Hawakwenda popote, Ustadha! Warumi hawakuanguka. Zama za Mtume walikuwepo, wanapigana na Waajemi, wakashindwa, kisha wakashinda. Sasa hao walioanguka zamani wanapiganaje vita?"

Darasa likaripuka kwa kicheko. Ruba, mama wa mtaa wa Azaiba aliyezaliwa hapa hapa Maskati kwa wazee wa Unguja, na ambaye ulimi wake haulali, akasema kwa Kiswahili ili wasikie wa kusikia: "Yarabi, Bi Mahbuba kawafufua!"

Ustadha Fajr hakucheka. Alimwambia kwa utaratibu kwamba Warumi hao anaowataja ni wa mashariki, na khabari aliyopangiwa ni ya magharibi. Kwamba amejibu swali ambalo hakuulizwa, na lile aliloulizwa kaliwacha. Akamwambia pia kwamba ana nafasi moja nyengine, wiki ijayo. Baada ya hapo, khalas.

"Ndiyo hivyo," Bi Mahbuba alimaliza kumsimulia Conjesta, na mchele ulikuwa umesharoweka kupita kiasi. "Na Thabit akijua..."

Conjesta akashika mdomo. Maana mambo ya Thabit aliyajua.

Thabit ndiye mwanawe mkubwa, ana kazi ya maana wizarani na nyumba kubwa Qurum, karibu na bahari. Ni mtoto mwema, hana makosa, ila wasiwasi tu umemzidi. Goti la mama linamuuma yeye. Mama akienda skuli kwa miguu kwenye jua lile, yeye ndiye anayetoka jasho. Basi mwanzo wa mwaka waliwekeana ahadi, mbele ya jamaa wote, juu ya sinia la mandazi: mama aendelee kusoma, lakini siku atakayofeli ndiyo siku atakayowacha skuli, afunge nyumba ya Ghubra, ahamie Qurum apumzike. Bi Mahbuba aliikubali kwa sababu hakutia akilini kufeli. Na neno lake akishalitoa, halirudishi.

Thabit alikuja baada ya sala ya magharibi, kama desturi yake, na mfuko wa matunda. Khabari alikuwa nayo. Maskati ni kubwa kwa barabara tu. Kwa khabari ni ua mmoja.

"Mama, nimesikia."

"Umesikia nini?"

"Ule mtihani. Si neno, Mama. Nani leo anawataka Warumi? Chumba kiko tayari, nimekitia rangi ile uipendayo. Dirishani unaona bahari. Huna la kufanya, kula na kulala."

"Sijafeli bado. Nna nafasi moja."

"Mama..."

"Thabit. Ahadi yetu ilisema nikifeli. Haikusema nikichekwa. Kula embe lako."

Thabit akala embe. Lakini alipokuwa anaondoka alisimama mlangoni akauzungusha ufunguo wa gari kidoleni. "Wiki ijayo nitakuja kukuchukua skuli mwenyewe. Vyovyote itakavyokuwa."

"Njoo," Bi Mahbuba akasema. "Na kiti cha nyuma ukipanguse, Conjesta anapanda."

Usiku ule alilala mapema. Asubuhi akaanza upya. Aliketi mkekani akakifungua kitabu, akajaribu kusema kwa maneno yake. Kila akifungua mdomo, mwili unaanza kuyumba, na mahadhi yanakuja yenyewe. Conjesta akapita na ndoo, akasimama kusikiliza.

"Mama, hiyo kama litania za kanisani kwetu."

"Ndiyo maradhi yangu hayo. Miye nikisoma naimba."

"Lakini pia mimi kitu kimoja hakiniingii." Conjesta akaweka ndoo chini. "Roma imeangukaje? Si Baba Mtakatifu yupo pale mpaka leo? Ijumaa, siku ya mapumziko ya huku, tukienda kanisani kule Ghala tunamwombea. Sisi kwetu ukiulizwa dini unasema mimi ni Roma."

Bi Mahbuba akavua miwani. "Hebu tutizame. Miye nna Warumi wangu wa mashariki, hawajaanguka. Weye una Roma yako ya kanisani, haijaanguka. Na Ustadha ana Roma yake, imeanguka chali na tarehe imewekwa, mwaka mia nne sabiini na sita. Tutapita kweli mtihani huu?"

"Sisi? Mtihani ni wako, Mama."

"Nikifeli tunahamia sote Qurum. Na kule utafua mashuka ya watu wanane."

Conjesta akachukua kiti, akakaa. "Basi sema tena, nakusikiliza. Ukianza kuimba nakugongea."

Na kweli aligonga. Alichukua kifuniko cha sufuria na mwiko, na kila Bi Mahbuba alipoanza kuyumba, *nga!* Mama jirani akauliza ukutani kulikoni. Walirudia asubuhi, wakarudia jioni. Sababu zilikuwepo zote, lakini zilikuwa kama nguo kwenye kamba: kila moja peke yake, hamna mtu ndani. Conjesta alikuwa akiuliza, "Halafu?" na Bi Mahbuba hana la halafu.

Mtihani ukiwa umekaribia, ikafika siku ya kufukiza nguo. Hii ni ada ya Bi Mahbuba asiyoiwacha, aliirithi kwa mama yake: nguo za sandukuni hutolewa, huanikwa chumbani kwenye upepo, kisha hufukizwa udi moja moja. Ana kitu chake cha miti, umbo la tenga lililopinduliwa. Chetezo kinawekwa chini, nguo inatandazwa juu, moshi unapenya kwenye uzi. Alianza na kanga za doti zilizokuwa bado na gundi, akaja kwenye shela ya harusi yake, akaja kwenye kanzu za marehemu mumewe. Na chini kabisa ya sanduku, ndani ya shuka jeupe, likatoka joho la baba yake.

Lilikuwa joho jeusi, kitambaa chepesi cha sufi, limetiwa uzi wa dhahabu shingoni na kwenye ncha za mikono. Dhahabu ilikuwa imefifia ikawa rangi ya chai. Baba yake, Sheikh Hatem, alikuwa karani katika serikali ya Sultani kule Unguja, si mtu mkubwa, lakini siku za Idi alikwenda barazani kwa Mfalme na joho lake, na mtaa mzima ulimtizama akipita.

"Zuri hilo," Conjesta akasema. "Nani analivaa?"

"Hapana anayelivaa."

"Thabit je?"

"Thabit ana majoho yake, ya kisasa. Hili haliwezi kumpita mabegani."

"Sasa mnalifukiza la nini, miaka yote hiyo?"

Bi Mahbuba alikuwa na jibu la haraka la kusema ndiyo ada, akaliwacha. Alilitandaza joho juu ya tenga, akaketi, akautizama moshi unavyotokeza kwenye mikono, kana kwamba mna mtu ndani anapumua.

"Nilikuwa mdogo," alisema. "Serikali ilipopinduliwa, tulifungiwa ndani, tunasikia milio. Milio ilipotulia, baba alilitoa joho lake kabatini. Miye nilidhani atalichoma, maana mama alikuwa analia anamwambia lichome, wasije wakaliona. Hakulichoma. Alilitandaza kitandani, akalikunja, hivi, mkono huu juu ya mkono huu, pindo kwa pindo, kama anamlaza mtoto. Akalifunga shukani. Kisha akavaa kanzu ya kawaida, akanishika mkono, tukenda kutafuta mkate wa boflo."

"Mkate? Siku hiyo hiyo?"

"Kesho yake. Watu wana njaa, Conjesta! Serikali imeanguka, tumbo halijui. Muuza mkate alikuwa amefungua ubao mmoja tu wa duka. Anauza, anachungulia njiani, lakini anauza. Baba baadaye akawa anashona kofia. Wenyewe waliompindulia kazi yake wakaja kununua kofia kwake, maana alikuwa na mkono mzuri. Na joho likakaa sandukuni, na sanduku likaja Maskati na sisi."

Conjesta hakugonga kifuniko. Kulikuwa hamna mahadhi. Bi Mahbuba mwenyewe alijishtukia: alikuwa amekaa wima, hayumbi.

Akasimama ghafla, goti likalia, hakulijali. Akakifuata kitabu, akakipekua mpaka kwenye ukurasa wenye picha ya sarafu, akasoma tena mistari midogo ya chini ambayo hakuihifadhi maana haikuwa miongoni mwa zile sababu. Kwamba mfalme wa mwisho wa Roma alikuwa mtoto, akiitwa Romulo. Kwamba jemadari Odoaka alimvua ufalme asimuue, akamhurumia udogo wake, akampeleka kwenye nyumba ya pwani na akamwekea posho ya kula. Na kwamba yale mavazi na alama za kifalme alizipeleka mashariki, Kostantinia, ndiyo Stambuli ya leo, kwa mfalme Zeno, na risala kwamba mfalme mmoja anatosha.

"Conjesta," alisema, na kidole kiko kwenye mstari. "Walikunja joho."

"Nani?"

"Warumi! Hawakulichoma. Walilikunja wakalipeleka kwa jamaa zao wa mashariki. Na hao ndio Warumi wangu waliokuja wakapigana na Waajemi!"

"Na huyo mfalme mtoto?"

"Amepewa nyumba nzuri pwani. Ale, alale, asifanye kitu tena."

Conjesta akafikiri kidogo. "Kama Qurum, Mama."

Walitizamana. Kisha Bi Mahbuba akacheka kicheko ambacho hakukicheka wiki nzima, mpaka akashika ukuta, na Conjesta naye akacheka, na udi ukaanza kunukia kuungua kidogo, wakakimbilia chetezo.

Lakini mtu asidhani mambo yakawa mepesi. Kulijua jambo ni kumoja, kulisema mbele za watu, tena kwa Kiarabu, ni kwengine. Siku zilizobaki Bi Mahbuba alilieleza lile joho kwa Conjesta, akalieleza kwa mama jirani kupitia ukutani, akalieleza kwa mfanyakazi wa duka la kona ambaye ni Mbengali na hakufahamu kitu ila alitikisa kichwa kwa adabu. Alipokosea alianza tena tangu mwanzo. Conjesta alikuwa mkali kupita mwalimu. "Umesema kodi, sijaiona. Nani alilipa? Alilipa nini?" Basi Bi Mahbuba akatafuta mkulima, akampa ngano, akamletea mtoza kodi mlangoni, kila mwaka anataka zaidi, mpaka mkulima akaona bora aishi chini ya Wagothi, wageni wa kaskazini. Sababu zote zile zikaanza kupata watu ndani yake.

Siku ya siku alivaa buibui jipya, akajitia udi, akalichukua joho ndani ya shuka lake. Conjesta alimsindikiza mpaka kwenye geti la skuli.

"Nisipokuwepo nani atakugongea?"

"Nitajigonga mwenyewe," Bi Mahbuba akasema, akaingia.

Darasani Ruba alimpokea na tabasamu. "Karibu, Bi Mahbuba. Wale Warumi wako hawajambo? Wamepona?"

"Wamekuja. Wamo humu," Bi Mahbuba akajibu, akalipiga piga furushi lake. Ruba akanyamaza kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze, kwa udadisi tu.

Alipoitwa, alikwenda mbele akaliweka furushi juu ya meza ya mwalimu. Alisikia mahadhi yanamjia kooni, mwili unataka kuyumba, akajipiga paja, pa! Wanafunzi wakashtuka. Akaanza, kwa Kiarabu chake cha Maskati chenye lafudhi ya Ng'ambo ya Unguja.

Alianza na mkulima na mtoza kodi. Akaja kwenye majeshi yaliyokodiwa, watu wanaolinda mlango usio wao, mpaka siku wakasema kwa nini tusiingie ndani tukakaa. Akasema majemadari walivyokuwa wakiwekana ufalme leo na kuondoana kesho, hata jina la mfalme likawa halihifadhiki. Akafika kwa Romulo, na hapo akalifungua shuka, akalitoa joho, akalinyanyua kwa mabega yake, dhahabu ikang'aa kidogo kwenye taa za darasa.

"Hili ni la marehemu baba yangu," alisema. "Lakini nyinyi liangalieni kama la yule mtoto. Odoaka amekuja. Hakupiga kelele. Amemwambia mtoto, vua. Mtoto kavua. Mnadhani asubuhi yake watu wa Roma walifanya nini? Walikwenda kununua mkate. Hapana aliyesikia kishindo. Kishindo walikisikia babu zao, mji wao ulipovunjwa na Wavandali waliokuja kwa milimani, na baba zao wakakisikia tena. Hawa wa mwisho walisikia kimya tu."

Akalilaza joho mezani. Akalikunja, mkono juu ya mkono, pindo kwa pindo, taratibu, kama alivyomwona baba yake.

"Odoaka angeweza kulivaa. Hakulivaa. Alilikunja akalipeleka Kostantinia. Na kule kulikuwa na mfalme na askari na watu wanaojiita Warumi, na wakaendelea kujiita hivyo karne na karne, mpaka Sultani wa Waturuki alipoingia. Na huku magharibi kila mtu alichukua alichoweza kubeba. Kanisa likachukua lugha na ubani. Wafalme wapya wakachukua sheria. Aliyekuwa karani akatafuta cha kushona."

Mwanamke mmoja wa nyuma, naye wa Unguja, alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya mtandio, na si kwa ajili ya Romulo.

Ustadha Fajr alikuwa ameegemea ukuta. "Khala," alisema, "wiki iliyopita uliniambia Warumi hawakuanguka. Leo nakuuliza tena. Walianguka au hawakuanguka?"

Bi Mahbuba alijua kuwa hili ndilo lenyewe. Aliweka kiganja juu ya joho.

"Walianguka, Ustadha. Wiki iliyopita nilikosea. Uliniuliza waliovuliwa, nikakujibu waliopelekewa. Aliyekuwa Roma na amelipa kodi na amezika watoto wake, huyo dola yake imeanguka, na usimwambie kuwa Kostantinia wako wazima, haimsaidii kitu. Lakini na yule wa Kostantinia usimwambie ameanguka, na nguo ameishika mkononi. Dola inaanguka kwa mtu, mahala pake, na siku yake. Si kwa wote mara moja."

"Na hayo ni maneno ya nani?"

"Yangu," Bi Mahbuba akasema.

Ustadha Fajr akaenda kwenye meza, akaandika. Hakuharakisha. Ruba hakuweza kustahamili. "Ustadha, mwambie basi, tutakata roho hapa!"

"Amepita," Ustadha Fajr akasema. Na zogo lilipoanza akanyanyua kalamu. "Lakini nimekukata alama, Khala. Wavandali hawakuja Roma kwa milimani, walikuja kwa majahazi kutoka Afrika. Waliokuja kwa nchi kavu ni Wagothi. Umewachanganya."

"Hata wao wenyewe walichanganyika, Ustadha. Nirudishie kidogo."

"Sirudishi."

"Nusu."

"Khala Mahbuba, kaa. Khabari yako ya mwakani nimeshakuchagulia. Waajemi."

Nje, gari la Thabit lilikuwa limesimama kivulini na injini inawaka ili baridi isitoke. Conjesta alikuwa keshapanda kiti cha nyuma. Bi Mahbuba alifungua mlango wa mbele, akaingiza goti kwanza, kisha mwili, akalipakata furushi lake. Thabit alimtizama usoni, akatafuta machozi, hakuyaona.

"Vipi, Mama?"

"Nimepita. Nimekatwa kwa ajili ya Wavandali, lakini nimepita."

"Alhamdulillahi." Thabit alisema kwa moyo, akambusu mkono, lakini hakuliondoa gari. Alikuwa na lake. "Basi Mama, umeshaonyesha. Kila mtu ameona. Sasa huoni ungekuja Qurum ukapumzika na heshima yako? Chumba kile, bahari ile..."

Nyuma Conjesta alikohoa.

"Thabit, mwanangu. Unamjua Romulo?"

"Nani? Mfanyakazi wa wapi?"

"Ondoa gari nikueleze njiani. Alikuwa mfalme. Wakampa nyumba nzuri pwani, wakamwambia huna la kufanya, kula na kulala. Na tangu siku hiyo hapana mtu aliyeandika tena alifanya nini. Mtoto wa watu. Kitabu kizima nimekipekua, hamna."

Thabit akakitizama kioo cha nyuma. Kioo kikamwonyesha Conjesta anatizama nje kwa bidii, midomo ameibana.

"Chumba kile kitie zulia," Bi Mahbuba akaendelea, "siku za Ijumaa nitakuja niswalie humo, nitizame bahari yako, tule, nirudi kwangu. Ahadi ni ahadi, na miye sijafeli. Sasa geuza. Tupitie Azaiba, kwenye duka lile la vitabu. Nimepewa Waajemi, na kalamu yangu imekwisha wino."

Thabit akageuza gari.